Nimeitoa Google kwenye simu: kuflashi dakika 40, kuhama nipo mwezi wa nne na sijamaliza

#1 Kitasa

Wakuu, habari za muda huu.

Nyuzi za kumfundisha mtu kuflashi simu (kuiwekea mfumo mwingine) zimejaa, na picha juu. Huu si mmojawapo. Nataka niongelee kinachofuata baada ya simu kuwaka na nembo mpya, maana kazi yenyewe nimeikuta huko.

Simu yangu ina miaka mitano. Kioo hakina mchubuko, betri nilibadilisha, kasi inanitosha. Tatizo ni kwamba mtengenezaji aliacha kuiletea masasisho tangu mwaka wa tatu. Nikaona badala ya kutupa simu, nitupe mfumo. Nikaweka LineageOS, Android inayotengenezwa na watu wa kujitolea, tena ile tupu, haina huduma hata moja ya Google. Sina ugomvi na mtu wala sijioni mwanaharakati.

Wa kwanza kukutana naye ni butiloda, yule bawabu anayeamua mfumo upi uruhusiwe kuwaka. Huawei waliacha kutoa namba za kumfungulia tangu 2018. Xiaomi wanataka ujisajili kisha wanakusubirisha. Muda uliozoeleka ulikuwa saa 168, yaani wiki nzima unaitazama tu simu. Samsung wana fyuzi ya Knox ndani ya chipu: ukiweka mfumo usio wao inaungua, na haiponi hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Na karibu kila simu, kumfungua bawabu kunafuta kila kitu kilichomo. Ni makusudi, ili aliyekuibia asifungue akakuta maisha yako yote.

Hilo la kufuta nililijua. Nikahifadhi picha, namba za watu, meseji, hadi noti za sauti. Nikajiona mjanja. Dakika 40 tangu nichomeke kebo, mfumo mpya unawaka. Nikageukia kompyuta nifungue barua pepe, ikaniomba tarakimu sita za uthibitisho. Nikaichukua simu nizisome. Nimeishika mkononi ndipo nikakumbuka: apu inayozalisha zile tarakimu ilikuwa humohumo kwenye simu niliyotoka kuifuta, na haikuwa na bakapu popote. Akaunti 9. Barua pepe niliipata siku ya nne. Moja ya hizo 9 sijaipata hadi naandika hapa.

Ikaja benki, siitaji jina. Apu yao inafunguka, inaonyesha nembo, halafu: "Kifaa chako hakikidhi vigezo vya usalama." Inajifunga. Nikaenda kwenye droo nikatoa simu nyingine, ya zamani zaidi, sasisho lake la mwisho la usalama lina miaka minne. Nikaweka apu ileile. Ikafunguka bila swali.

Hapo nikakaa kusoma. Kinachofanyika ni hiki: apu yenyewe haikagui chochote. Inaiuliza huduma ya Google inayoitwa Play Integrity, "hii simu ni halali?" Google anajibu kwa kuangalia kama mfumo uliomo ni ule alioupitisha yeye pamoja na mtengenezaji, na kama butiloda imefungwa. Majibu yana ngazi tatu. Tangu 2025 ngazi ya juu kabisa ndiyo inayodai pia sasisho la usalama la ndani ya mwaka mmoja, kwa simu za Android 13 kwenda juu. Ngazi ya kati haiulizi sasisho ni la lini. Kwa hiyo simu yangu yenye viraka vya mwezi huu ni "si salama", na ile ya kwenye droo yenye matundu ya miaka minne ni "salama". Nilicheka peke yangu.

La tatu ni notifikesheni. Wiki ya kwanza nilidhani watu wamenisusa. Nikifungua apu moja ya gumzo ndiyo meseji zinamwagika kwa mkupuo, ya asubuhi na ya jioni pamoja. Kwenye Android ya kawaida kuna bomba moja tu la Google linalokaa wazi muda wote, na apu zote zinapitishia humo. Ukilitoa, kila apu ijitafutie bomba lake. Signal ilijitengenezea, ikawa inafika palepale ila betri inaliwa kidogo. Nyingine hazikujisumbua, zinalala hadi uziamshe.

Kamera sina mengi: ni kamera ileile, lensi zilezile, ila picha za usiku zimekuwa za simu nyingine. Uchawi ulikuwa kwenye programu ya mtengenezaji, nao ukaondoka na mfumo wake. Filamu za kulipia nazo kwenye simu nyingi zilizofunguliwa zinashuka hadi picha ya ukungu, kwa sababu Widevine, ulinzi wa kuzuia filamu zisinakiliwe, unashushwa ngazi.

Waliopita njia hii karibuni. Wa kuniambia nirudi nao karibuni, nimeshawazoea.

#2 Mchakavu

Rudi.

#3 Nyuki wa Jioni

Mkuu mbona unajitesa kishujaa hivyo? Weka microG. Inaigiza zile huduma za Google kwa msimbo ulio wazi, notifikesheni zinafika, ramani zinafanya kazi, na /e/OS, Android nyingine isiyo na Google, wanakuja nayo tayari. Ile ni ya Gaël Duval, yule Mfaransa aliyeanzisha Mandrake Linux. Unaweza hata kununua simu imeshawekewa kila kitu, hugusi kebo.

Au chukua GrapheneOS, Android nyingine inayokazania usalama. Wao wanakuruhusu uweke Play yenyewe ya Google, lakini inakaa kwenye kizimba kama apu nyingine yoyote, haina funguo za nyumba nzima. Na butiloda unaifunga tena baada ya kuflashi, kitu ambacho kwenye LineageOS kwa simu nyingi hukifanyi.

#4 Mchakavu

GrapheneOS inaingia kwenye simu gani vile? Pixel. Pixel inatengenezwa na nani? Google. Yaani ili umkimbie mwenye nyumba inabidi ukanunue mlango kwake.

#5 Nyuki wa Jioni

Tucheke, lakini sababu ipo. Pixel ndizo zilizokuwa zinakuruhusu ufungue, uweke mfumo wako, kisha ufunge tena kwa ufunguo wako mwenyewe, na zina chipu ya usalama ya maana. Wengine wengi wanakupa mlango wa kutokea tu, kitasa cha ndani hakuna. (Kitasa, sijakusema wewe.)

Ila hata huko jua limeanza kuzama. Android 16 ilipotoka Juni 2025, Google hawakutoa pamoja nayo yale mafaili ya kujengea mfumo kwenye Pixel kama walivyozoea. Wanaotengeneza romu (mifumo mbadala kama hii) wakabaki kukisia na kuchimbua. Machi mwaka huohuo walishahamishia kazi ya kuitengeneza Android ndani. Msimbo unaachiwa ukishaiva.

#6 Zumaridi

Nyote hapo mnazungumzia Android iliyovaa shati jingine. Mimi nilitoka kabisa, nikakaa Ubuntu Touch, mfumo wa Linux wa simu, miezi minane. Nitawapa picha moja tu.

Napiga simu. Nikibonyeza kupiga, alama ya mtandao inashuka kutoka 4G, inakwenda chini, inatulia, halafu ndiyo inaita. Nikimaliza inachukua muda kupanda tena, na intaneti imekatika muda wote huo. Kisa ni kwamba kupiga simu ndani ya 4G yenyewe kunahitaji msimbo ambao mtengenezaji wa modemu anaufungia. Kwa simu yangu jumuiya haikuwa nao. Basi simu inashuka kwenye 3G au 2G kutafuta njia ya zamani ya sauti. Sasa jiulize, mitandao inapozima 3G, kama Marekani walivyofanya 2022, simu yako inashukia wapi? Unabaki na kompyuta ndogo nzuri sana isiyopiga simu.

Na Ubuntu Touch ina bahati, maana inatumia ujanja unaoitwa Halium: inachukua kerneli (kiini cha mfumo) na draiva (programu za kuendesha vifaa) za Android za simu hiyohiyo na kujenga juu yake. postmarketOS, Linux nyingine ya simu, wanataka usafi, kerneli halisi ya Linux. Orodha yao ya simu zinazowaka ni ndefu mno. Nenda kwenye jedwali lao uangalie safu ya kupiga simu, kisha safu ya kamera. "Inawaka" na "inatumika" ni vitu viwili, mimi nilivijua tofauti baada ya kununua.

Kuhusu apu za Android, ipo Waydroid, inawasha Android nzima ndani ya kontena. Inafanya kazi. Inafanya kazi kama mtu anayekuongelesha kupitia mkalimani: mnaelewana, mnachoka.

#7 Kitasa

Zumaridi nondo hizo. Bado uko huko?

#8 Zumaridi

Simu ipo, nasomea vitabu. Ya kupigia nilirudi Android.

#9 Mzee wa Symbian

Naona vijana mnaongelea haya kama mapya. Mimi nimezika mifumo mingi.

Windows Phone niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Ilikuwa nyepesi, maandishi makubwa safi, haigandi hata kwenye simu dhaifu. Nyuma yake kuna Microsoft, kampuni iliyonunua hadi kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014. Pesa haikuwa tatizo. Ikafa kwa sababu kila apu niliyoitafuta kulikuwa na ya "mtu baki" aliyejitengenezea, ya wenyewe hakuna. Na zilizokuwepo zikaanza kuondoka moja moja. Mwisho wa 2019 WhatsApp wakafunga. Siku ile hata simu haikuharibika, ilikuwa na chaji ya kutosha, kioo kinang'aa, na haina mtu wa kuongea naye.

Firefox OS hivyohivyo. Mozilla wakatangaza Desemba 2015 kwamba wanaacha kuziuza kupitia kampuni za simu. Msimbo wake ndio uliozaa KaiOS ya simu za vibonye. Canonical, walioianzisha Ubuntu Touch, wakaiacha 2017, jumuiya ya UBports ikaiokota. Huawei walipozuiwa na Marekani 2019 walikuwa na pesa, viwanda na mamilioni ya wateja, na bado nje ya China simu zao ziliteseka kwa kukosa apu za Google.

Sasa niambie Kitasa: hayo majitu yameshindwa. Mfumo wako unaendeshwa na watu wa kujitolea. Unalalaje?

#10 Kitasa

Mzee shikamoo.

Nalala vizuri kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu mimi sijaingia kwenye duka jipya la apu. Windows Phone ilidai watengenezaji waandike upya kila kitu. LineageOS inaendesha apu zilezile za Android, hakuna anayeandika upya chochote. Kinachonikwamisha mimi ni ruhusa, apu ipo, imeshuka, imefunguka, halafu inanifukuza.

Lakini umegusa penye donda. Simu yangu kwenye ule mradi ina mtunzaji mmoja. Binadamu mmoja ambaye simfahamu, naye anayo simu kama yangu. Akiiangusha chini ikapasuka, au akapata mtoto, au akachoka, masasisho yangu yamekwisha. Nimeshaona orodha ya simu zilizoachwa kwa mtindo huo. Na mradi wenyewe ulizaliwa msibani: CyanogenMod ilifungwa Desemba 2016 kampuni iliyokuwa nyuma yake ilipoyumba, watu wakaokota msimbo wakaupa jina jipya.

#11 Mzee wa Symbian

Marahaba. Basi mtunze huyo mtu mmoja. Mtumie hata asante.

#12 Tofali

Wakuu samahanini, mimi mgeni kwenye haya mambo, na jina langu lisiwatishe, halihusiani na simu kufa ikabaki tofali (bado). Nina simu moja tu, ndiyo ya kazi, ndiyo ya familia. Nataka kuhama ila uzi huu umenitia hofu. Nianzie wapi?

#13 Nyuki wa Jioni

Hakikisha tu jina la modeli. Si jina la sokoni lililoandikwa kwenye boksi, namba ya modeli iliyo ndani ya mipangilio. Simu moja inaweza kuwa na matoleo matatu yenye modemu tofauti, na ukiflashi la jirani ndiyo unapata hilo jina lako.

#14 Kitasa

Tofali, ningeanza upya leo, simu nisingeigusa kabisa mwezi mzima. Ningehama nikiwa palepale nilipo. Weka F-Droid, duka la apu za msimbo ulio wazi, kwenye simu uliyonayo, anza kutumia kibodi, kalenda, ramani na kivinjari cha huko. Namba za watu zitoe kwenye akaunti ya Google kwa faili la vcf. Siku ukiona wiki imepita hujafungua apu za zamani, unazifuta. Ukifika hapo, kuflashi kunakuwa ni kubadilisha sakafu ya nyumba ambayo samani zake ulishazihamisha.

Ambacho hakihamishiki utakiona mapema, na ndicho unachotaka kukijua kabla, usije ukakigundua baada. Kwangu zilikuwa apu mbili: benki na ya kazini. Benki nilihamia kwenye tovuti yao kupitia kivinjari, ipo nusu nusu lakini inatosha. Ya kazini ndiyo kisa. Mwajiri anataka apu yake ya kuthibitisha kuingia, nayo inaiuliza Google kama benki. Nikaenda idara ya kompyuta kuwaeleza. Kijana akanisikiliza vizuri sana, akaniuliza: "Kwa hiyo simu yako imedukuliwa?" Nikasema hapana, nimeiboresha. Akaandika kwenye fomu yake: imedukuliwa. Sasa natembea na ile simu ya kwenye droo mfukoni, haina laini, kazi yake kubonyeza "ndiyo mimi" mara moja kila asubuhi.

Na kabla ya yote, piga *#06#, andika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye karatasi. Kuna simu zinazopoteza namba hiyo mtu akikosea kuflashi, na bila hiyo hupati mtandao. Kisha fungua apu ya tarakimu za uthibitisho, hesabu akaunti zilizomo, hamisha moja moja kwenda apu inayokubali kutoa bakapu. Hesabu kwa kidole. Mimi sikuhesabu.

#15 Mchakavu

Yaani una simu mbili sasa. Moja ya uhuru, moja ya kuomba ruhusa.

#16 Kitasa

Ndiyo hivyo mkuu. Sibishi.

#17 Nyuki wa Jioni

Niongezee hapo kwa benki. Android yenyewe ina njia ya apu kuuliza vifaa vya ndani ya simu moja kwa moja kama mfumo haujachezewa, bila kupita Google. Watu wa GrapheneOS wamekuwa wakiwaomba watengenezaji wa apu watumie hiyo, na wapo waliokubali. Kwa hiyo andikieni barua benki zenu, zijibu zisijibu. Kinachowapeleka Play Integrity mara nyingi ni wepesi, msanifu anabandika mistari michache anaondoka.

Na F-Droid aliyoitaja Kitasa iangalieni kwa jicho la karibu. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba mtengenezaji wa apu atapaswa kujisajili kwao kwa utambulisho wake ndipo apu yake ikubali kuingia kwenye simu zenye Android iliyoidhinishwa, hata kama haipitii Play, wakataja Septemba 2026 kwa kuanzia na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand. F-Droid walipinga waziwazi. Romu kama ya Kitasa haimo kwenye hilo agizo, wanaobanwa ni waliobaki.

#18 Zumaridi

Ndiyo maana ile ya vitabu siiuzi.

#19 Tofali

Mrejesho. IMEI nimeandika, ipo ukutani. Akaunti za uthibitisho nimehesabu: 14. Nilidhani ni 5. Nimehamisha zote, imenichukua jioni mbili maana mbili kati yake nilishasahau hata nywila.

Namba za watu tayari. Kibodi mpya inanikosesha maneno lakini nitazoea. Nikasema ngoja nichungulie tu huko kwa butiloda, sifungui, nachungulia. Nimewasha mipangilio ya watengenezaji, nikakuta ile swichi ya kuruhusu kufungua. Ni ya kijivu. Nabonyeza haigeuki. Nakosea wapi?

#20 Kitasa

Iunganishe na intaneti, izime, iwashe, urudi palepale. Zipo zinazouliza seva kwanza ndipo zikubali.

#21 Tofali

Bado kijivu.

#22 Kitasa

Simu uliinunua yenyewe, au ulichukua kwa mkataba wa kampuni ya laini?

#23 Tofali

Mkataba. Ila deni nilishamaliza mwaka jana, ni yangu.

#24 Nyuki wa Jioni

Hiyo swichi haijaambiwa.